Binti amefaulu PCM, anataka kusoma hesabu tupu Mlimani. Atakula wapi?

Mama Vitenge

Habari za leo wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Miaka mingi nimekuwa mtu wa kusoma na kupita, leo limenifika shingoni.

Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita, PCM, kapata One ya 5. Hisabati A, Fizikia B, Kemia B. Nyumbani Tabata tulipiga vigelegele mpaka mpangaji wa chumba cha uani akadhani imeletwa posa. Furaha ikadumu siku nne. Siku ya tano akakaa na baba yake kwenye kochi, simu mkononi, akasema kwenye maombi ya chuo chaguo la kwanza anaandika Hisabati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Siyo uinjinia, siyo kompyuta. Hisabati. Hesabu tupu, kama chai kavu.

Baba yake ni fundi umeme. Maisha yake yote amewaona mainjinia wakishuka kwenye magari yenye kiyoyozi kuja kumwambia nguzo isogezwe, na ndoto yake ni kumwona mwanaye akishuka kwenye gari hilo. Amenuna. Mjomba mtu anataka udaktari. Nimemwambia PCM haina Baiolojia, anasema "ataongea nao". Mimi nimebaki katikati, kwa sababu mtoto huyu namjua.

Niwape kisa. Mimi ni kijumbe. Mchezo wetu una wanawake 12 wa hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo na Mchikichini, kila mwezi kila mtu laki moja, mmoja anabeba 1,200,000. Kila Januari tukipanga zamu ni vita. Wote wanataka kubeba mwanzo, na anayeangukia Desemba ananuna mpaka Pasaka. Binti alikuwa kidato cha nne, likizo, amekaa juu ya marobota anatusikiliza tunavyorushiana maneno. Akasema, "Mama, anayebeba Januari wenzake wote wamemkopesha bure. Anayebeba Desemba amewakopesha wote bure. Na kitenge cha Januari si bei ya kitenge cha Desemba. Sasa mtaachaje kugombana?"

Akachukua daftari la madeni akatuandikia. Wa kwanza kubeba atoe 105,500 kila mwezi. Wa pili 104,500. Kila anayefuata anapungua elfu moja, mpaka wa mwisho anatoa 94,500. Tukajumlisha kwenye simu: 1,200,000 ileile, haipungui hata mia. Wa mwisho kwa mwaka mzima anatoa 1,134,000 na anabeba 1,200,000, kwa hiyo subira yake imelipwa. Mama mmoja muuza madera akasema huyu mtoto ni mchawi. Mwaka uliofuata watu watatu waliomba wenyewe kukaa mwisho.

Basi mwenye akili hiyo sitaki kumkatalia. Lakini nani anamlipa mtu mshahara kwa kujua hesabu? Nikisoma matangazo ya kazi naona mhasibu, muuguzi, dereva mwenye leseni daraja C. "Anahitajika mwanahisabati" sijawahi kuliona. Je, mwisho wake ni ualimu? Sidharau ualimu, aliyemfikisha hapa ni mwalimu, ila jirani yangu ana kijana wa ualimu, mwaka wa nne huu anasubiri ajira huku anauza vocha. Cheti cha kuzaliwa nimeshahangaika nacho kukihakiki RITA kwa ajili ya mkopo. Nisaidieni kabla dirisha halijafungwa.

Bonge la Ubungo

Mama, hesabu za nini mji huu? Hela ya kumhangaikia miaka mitatu mfungulie fremu Mbagala Rangi Tatu. Nina mshikaji ana shahada ya hesabu anaendesha bodaboda. Anachokokotoa ni mafuta.

Mama Vitenge

Bonge baba, duka ninalo na la kumwachia lipo. Nimeuliza kuhusu chuo.

Mwalimu wa Chaki

Shikamoo mama. Mimi nafundisha Hisabati sekondari moja Temeke, mwaka wa tisa sasa. Nilisoma DUCE, Chang'ombe, sayansi na ualimu.

Kwanza usiwaweke walimu wote kapu moja. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, somo linaloshika mkia ni Hisabati. Ni aibu ya taifa na ndiyo riziki yangu. Serikali ikitangaza ajira za walimu, wa sayansi na hesabu wanatangulizwa. Mimi nilikaa mtaani mwaka mmoja na miezi miwili. Wenzangu wa masomo mengine wengine wapo mpaka leo.

Huo mwaka mmoja nao haukuwa wa kulala. Nilishika shule moja ya binafsi, jina naliweka kapuni, mshahara unachelewa miezi miwili halafu unakuja nusu. Kilichonilisha ni tuisheni. Barazani kwa mama mwenye nyumba wangu, Mtoni kwa Aziz Ally, ubao wa plaiwudi niliopaka rangi nyeusi mwenyewe, watoto 14, kila mmoja elfu moja kwa siku. Piga siku 22, ni 308,000. Nilikuwa nalipwa na wazazi wauza samaki kwa wakati kuliko mwajiri mwenye jengo la ghorofa.

La mkopo wengi hawaambiwi mapema. Akiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Mshahara ukiandikwa 900,000, 135,000 hatoiona. Aingie akijua.

Ushauri wangu ni asome Hisabati na ualimu humohumo. Akikosa kwingine, ubao haumkosi. Lakini kama hapendi watoto, aache. Ofisini kwetu yupo mwenzangu aliyefuata ajira tu, anaingia darasa la watoto 90 kama anaingia mahabusu, na watoto wanaijua hiyo harufu. Muulize binti: mwenzake asipoelewa, yeye anakasirika au anatafuta njia nyingine ya kumweleza?

Halafu mpeleke Machi 14 kwenye Siku ya Pai. CHAHITA, chama chetu cha hisabati, kipo tangu 1966, na siku hiyo utaona watoto wa shule wanashindana hesabu kama Simba na Yanga. Huko ndiko nilikokata shauri mimi.

Dada wa Takwimu

Shikamoo mama. Mimi ndiye huyo binti yako, miaka kumi mbele. Mlimani, Hisabati, mzazi mmoja amenuna (kwetu alikuwa mama).

Kuna kitu ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda ule mlima. Nilitoka kidato cha sita na A kama yake. Jaribio la kwanza la mwaka wa kwanza nikapata 11 kati ya 40. Nilikaa kwenye ngazi za madarasa ya Yombo nikalia, nikampigia kaka yangu nikamwambia nahamia biashara.

Sababu ni kwamba hesabu ya shule ni ya kukokotoa. Unapewa swali, unajua njia, unafika jibu. Chuo wanakuuliza kitu unachokijua tangu darasa la pili halafu wanakwambia thibitisha. Swali lenyewe mojawapo ni hili: thibitisha kwamba sifuri mara namba yoyote ni sifuri. Mimi nikaandika "kwa sababu ukiwa na sahani sifuri za wali huna wali". Nikapata sifuri mara namba yoyote.

Jibu lake ni mistari mitatu. Sifuri ni sawa na sifuri ongeza sifuri. Kwa hiyo sifuri mara *a* ni sawa na sifuri mara *a*, ongeza sifuri mara *a*. Toa kimoja kila upande: kilichobaki ni kwamba sifuri mara *a* ni sifuri. Basi. Hakuna wali humo. Kuna kanuni tu, na kila hatua ina ruhusa yake. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba hilo ndilo somo lenyewe: kutokubali kitu kwa sababu kinaonekana hivyo. Wapo wanaolipenda, wapo wanaolichukia mpaka wanahitimu. Huyo mwenye daftari la madeni nadhani atalipenda, kwa sababu hakusema "mnagombana kwa tamaa". Aliuliza kwa nini.

Kazi sasa. Nipo kwenye kampuni inayokopesha watu kwa simu, vile vikopo vya 10,000, 20,000, 50,000. Mtu akibonyeza kuomba, kuna hesabu inaamua ndani ya sekunde mbili apewe au asipewe. Hiyo hesabu ndiyo mimi. Laini ameitumia muda gani, pesa inaingia na kutoka mara ngapi, alishawahi kuchelewa kulipa. Unachukua maelfu ya waliokopa zamani, unatafuta uwezekano wa kila mmoja kulipa, unachora mstari.

Nilipofika nilikuta kanuni inayomkata kila mwenye pesa kidogo kwenye simu. Inaonekana ina akili. Nikachambua kwa saa za siku, nikaona kundi linakopa saa kumi na moja alfajiri likiwa na salio la mia tano, na kabla ya saa sita mchana limeshalipa. Karibu wote! Nikatazama mawakala wao wako wapi: Feri. Nikapanda mwendokasi mpaka Kivukoni nikawakuta. Wachuuzi wa samaki na mama ntilie. Wanakopa kununua kwenye mnada, wanauza, wanarudisha, na pesa haikai kwenye simu kwa sababu inazunguka. Tukabadilisha mstari. Bosi alisema nimetumia "data", ila kilichonisaidia ni lile somo la sahani za wali.

Ila shahada peke yake haikunipa hii kazi. Programu za kompyuta nilijifunza mwenyewe mwaka wa pili na wa tatu, Python na SQL, kwenye laptopu iliyotumika niliyonunua hapohapo Kariakoo kwa hela ya boom, ile ya mkopo wa kujikimu chuoni, wiki tatu nikala ugali maharage. Asisubiri afundishwe. Na achukue kozi zote za takwimu atakazoruhusiwa.

Mama, umeuliza wanaenda wapi. Wenzangu niliokaa nao benchi moja: mmoja yupo Ofisi ya Taifa ya Takwimu, sensa ya 2022 iliyotupa watu 61,741,120 alikesha nayo. Mmoja yupo hali ya hewa. Wawili benki, kitengo cha vihatarishi. Mmoja alikwenda Kigali kusoma shahada ya pili AIMS, ile taasisi ya hisabati ya Afrika iliyoanzia Cape Town 2003. Aliyeianzisha, Neil Turok, sehemu ya utoto wake aliishi hapahapa Tanzania, na waliwahi kufungua kituo Bagamoyo 2014. Walimlipia kila kitu. Watatu wanafundisha. Mmoja ana duka la vigae Sinza na ana furaha kuliko sisi wote.

Mama Vitenge

Mwanangu umenitoa machozi hapo pa Feri. Nimemsomea baba yake, kaacha kununa kwa dakika kumi. Mwalimu, nimemuuliza binti swali lako. Anasema mwenzake asipoelewa yeye anachora picha, na akichora ya tatu hajaelewa bado anamwachia picha anaondoka. Sijui hiyo ni ndiyo au hapana.

Mwalimu wa Chaki

Picha tatu ni nyingi mama. Mimi ofisini nina wanaoishia moja.

Mzee wa Kikokotoo

Mama Vitenge, nimesoma hilo la mchezo mara mbili, nikamsomea mke wangu, nikaja kuandika. Hilo jina la Mzee nimepewa ofisini, umri bado. Kazi yangu ni takwimu bima, wengine wanaiita kwa Kizungu aktuari. Na alichofanya binti yako juu ya marobota ndicho ninacholipwa. Sikutanii. Shilingi ya leo na shilingi ya Desemba si shilingi moja, anayesubiri lazima alipwe kusubiri kwake, na chungu lazima kifunge. Kampuni ya bima, mfuko wa pensheni, wote ni mchezo mkubwa wenye kijumbe mwenye tai.

Mfano ambao nchi nzima imeugombania ni kikokotoo cha mafao, yaani kanuni ya kugawa pensheni: kiasi gani mstaafu anapewa mara moja (mkupuo) na kiasi gani kila mwezi. Mwaka 2018 kilikuja cha mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele mpaka Rais Magufuli akakisitisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33. Mwaka 2024 baadhi wakapandishwa kutoka 33 hadi 40. Kwenye vijiwe vyote vya kahawa watu wanaijadili kama siasa. Ngoja niifanye hesabu, na binti aisome.

Chukua mtu aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, wastani wa mshahara milioni moja kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Unachukua 360, unagawa kwa 580 (namba iliyowekwa na kanuni, kama ile 12.5 inayokuja), unazidisha kwa milioni 12. Inakuja 7,448,276. Hiyo ni pensheni yake kamili ya mwaka. Sasa inakatwa vipande viwili. Kipande cha mkupuo unakizidisha kwa 12.5, anapewa chote siku anayostaafu. Kilichobaki unakigawa kwa 12, anakula kila mwezi maisha yake yote.

Kwa asilimia 33 anabeba mkupuo wa 30,724,138 na kila mwezi 415,862.

Kwa asilimia 40 anabeba 37,241,379 na kila mwezi 372,414.

Mkononi ameongezewa 6,517,241. Kila mwezi amepunguziwa 43,448. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 150. Miezi 150 ni miaka 12 na nusu, ile 12.5 imejificha humo humo. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 akiishi mpaka 72 na nusu, mikataba miwili inatoka sare. Akizidi hapo, mkupuo mdogo ungemfaa zaidi. Akifariki kabla, mkupuo mkubwa ulimfaa. Swali lote lililojaza redio na vijiwe ni hili: mzee wa Kitanzania aliyefika 60 ana miaka mingapi mbele yake? Kulijibu vizuri kunataka vitabu vya vifo, takwimu na uwezekano, na watu wa kulijibu hatutoshi. Kazi zilizopita mezani kwangu, mara nyingi sahihi ya mwisho ilitafutwa Nairobi au Johannesburg.

Njia yake ikoje? Mlimani kuna shahada ya takwimu bima yenyewe, na IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha pale Mtaa wa Shaaban Robert, wanayo pia. Lakini mimi nilisoma Hisabati na Takwimu ya kawaida, na sijutii, kwa sababu ukichoka na bima unabaki na milango mingine. Kinachokutambulisha kwenye fani hii ni mitihani ya vyama vya nje, vya Marekani au vya Uingereza. Ule wa kwanza wa Wamarekani ni wa uwezekano: maswali 30, saa tatu, kwenye kompyuta. Niliukosa mara ya kwanza. Ada inalipwa kwa dola, zaidi ya 200, na ukianguka hairudishwi. Mwezi ule nilitembea kwa miguu Posta mpaka Magomeni. Yote ikiisha ni miaka saba, nane, na unasoma usiku huku unafanya kazi. Lakini wa kwanza na wa pili anaweza kuifanya akiwa bado chuoni, na akihitimu na miwili mkononi hatoandika barua za kazi nyingi.

Mama, tangazo la "anahitajika mwanahisabati" hutaliona. Linaandikwa "afisa vihatarishi", "mchambuzi", "afisa uwekezaji", "mtakwimu". Mshike mkono atafute kwa majina hayo.

Na mzee wa nyumbani mwambie: gari yenye kiyoyozi ninayo. Ni ya mkopo, lakini kiyoyozi kinafanya kazi.

Bonge la Ubungo

Kumbe Mzee wa Kikokotoo ndiye wewe uliyempunja baba yangu!

Mzee wa Kikokotoo

Baba yako ana miaka mingapi?

Bonge la Ubungo

81. Anakata kuni mwenyewe.

Mzee wa Kikokotoo

Basi kaupunja yeye mfuko. Msalimie sana.

Mama Vitenge

Nimerudi, samahanini kwa kukawia, mwisho wa mwezi watu wa Mbeya na Mwanza wanashusha oda.

Binti amewasoma wote. Dada wa Takwimu, lile la sifuri amelikariri, jana kamuuliza mjomba wake mpaka mjomba kaaga mapema. Mzee wa Kikokotoo, anakuamkia, shikamoo, halafu amesema nikwambie, nanukuu: "Miezi 150 ni kama pesa inalala chini ya godoro." Ameniandikia kwenye daftari nami naihamisha hapa kama ilivyo. Ile 6,517,241 ukiiweka mahali inapozaa asilimia 8 kwa mwaka, inazaa 521,379. Gawanya kwa 12, ni 43,448 kila mwezi. Ndiyo ileile aliyopunguziwa! Na mtaji haujaguswa. Kwa hiyo akipata asilimia 8, haijalishi anaishi mpaka 72 au 102, mkupuo mkubwa haumpotezi. Anasema ni kwa sababu asilimia 8 mara 12.5 ni moja kamili, na anauliza kama hiyo waliipanga au imetokea tu.

Mzee wa Kikokotoo

Nimenyanyua mikono. Riba niliiacha makusudi ili nisiwachanganye.

Bonge la Ubungo

Makusudi!

Mzee wa Kikokotoo

Bonge, tulia. Binti yupo sahihi kabisa, na hatifungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa zaidi ya 8. Ila mwambie hesabu yake imeweka sharti moja kimyakimya: kwamba mzee huyo mtaji hataugusa. Milioni sita zikisikika zimeingia, shemeji anakuja na dili la bajaji, mtoto wa kaka anataka ada, paa la kijijini linavuja. Pensheni ya mwezi shemeji hawezi kuikopa yote mara moja. Hilo nalo ni la kuwekwa kwenye hesabu, na sijaona kitabu kinachosema mashemeji wanakuja kwa kasi gani. Akifika mwaka wa tatu anitafute hapahapa kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, nitamwonyesha wa kumwandikia barua.

Dada wa Takwimu

Na laptopu asinunue mpya. Nitakuja dukani kwako mama, nitakuonyesha fundi niliyenunua kwake, ni mitaa miwili tu kutoka hapo. Nahitaji doti la khanga pia.

Mama Vitenge

Karibu mwanangu, khanga mpya zimeingia jana.

La mashemeji nimemwambia. Kacheka, halafu kanyamaza, halafu kachukua daftari akaniuliza tangu nianze ukijumbe ni watu wangapi wamebeba mchezo na hela ikaishia kwa ndugu. Nimewahesabu kwa majina, nimefika tisa, nikaona haya kuendelea kwa sababu mmoja ni mimi.

Fomu tumeijaza jana usiku, wote watatu kwenye kochi. La kwanza Hisabati. La pili ile ya takwimu bima. La tatu ualimu, kwa heshima ya picha tatu. La nne baba yake ameomba aandike yeye mwenyewe, akachukua simu, akavaa miwani, akaandika uinjinia umeme. Binti akamwachia.

Kuna mteja ameingia anataka majora 20, naacha hapa.